Mashini nayo inajifunza kwenda polepole

UKURASA WA MAFUNDI NA VIJANA

  

Mwezi huu tunajibu swali linalorudi mara nyingi kati ya vijana wanaojifunza kazi ya umeme. Wanauliza hivi: "Tunasikia kwamba katika miji mikubwa kuna nyumba zinazojiongoza zenyewe. Taa, feni na pompi zinawaka na kuzima bila mutu kugusa kitu. Ni nani anaziambia? Na kazi hiyo itatusaidia nini huku kwetu, mahali umeme ni wa grupe na wa pano za jua tu?"

Swali hilo ni zuri. Tutajibu kwa kushika sehemu moja tu ya kazi hiyo, kwa sababu ukielewa sehemu hiyo umeelewa nusu ya kazi yote. Sehemu yenyewe ni hii: namna ya kuambia mashini ibadilike kidogo kidogo, badala ya kuruka mara moja. Tena mutaona kwamba huku kwetu, mahali umeme ni mdogo, maarifa hayo yana bei kubwa kuliko kule mahali umeme ni mwingi.

1. AMRI MBILI

Swichi ya kawaida inajua maneno mawili tu: waka, zima. Taa ndogo haina shida na maneno hayo. Lakini pompi, feni kubwa, mashini ya kusaga na robine ya tiyo kubwa ni vitu vizito. Ukiviambia "waka" kwa ghafula, ni kama kumwambia mutu aliyelala: "Simama ukimbie sasa hivi na gunia mgongoni!" Ataanguka, au ataumia.

Mafundi wa nyumba zinazojiongoza hawaandiki "waka" tu. Wanaandika: "Panda kutoka 20 mpaka 80 kwa muda wa dakika moja." Maana yake mashini inapewa mambo mawili: mahali pa kufika, na mwendo wa kufika pale. Nyumba yenyewe iko na kompyuta ndogo (ordinateri) ndani ya tablo ya umeme. Hiyo inasoma joto, inasoma maji katika tanki, inasoma saa, kisha inatoa amri. Haina akili zaidi ya ile fundi aliyoandika ndani yake.

Kila mutu aliyesukuma chukudu kutoka milima ya Masisi mpaka Sake anajua jambo hili bila kusoma. Ukiwa na mizigo ya viazi, haungoji mpaka kwenye kona ndipo ukanyage breki kwa nguvu zote. Unaanza mapema, unakanyaga kidogo, unaongeza kidogo. Mwendo unashuka na mizigo inabaki mahali pake.

2. KWA NINI GRUPE INAKUFA

Tuseme kituo cha afya kiko na grupe ya mazuti, ile mafundi wanaita ya KVA 10, ya nyuzi tatu na volti 400. Kila uzi wake unaweza kutoa kama ampea 14. Katika kituo hicho kuna pompi ya kilowati 3 inayopandisha maji katika tanki. Ikisha kuzunguka vizuri, inakula karibu ampea 7. Mutu anahesabu: 7 inaingia katika 14, tena inabaki nusu nzima kwa taa na kwa frigo ya chanjo. Hesabu inaonekana sawa.

Lakini moteri iliyosimama haili kama moteri inayozunguka. Wakati wa kuanza, kama imeunganishwa moja kwa moja, inavuta mara 5 mpaka mara 8 ya chakula chake cha kila siku. Tushike mara 6: 7 mara 6 ni 42. Grupe ya ampea 14 inaombwa kutoa ampea 42! Kwa muda mfupi, ndiyo, lakini muda huo unatosha. Grupe inanguruma, volti zinashuka, taa zinafifia, na mara nyingine yote inazima.

Sasa fikirini kwamba ni usiku, na daktari yuko katika chumba cha upasuaji pamoja na mama anayezaa kwa kupasuliwa. Mutu wa pompi hajui. Anaona tanki ni tupu, anabonyeza swichi. Giza. Hapo si hesabu tena, ni maisha ya watu wawili.

Kesho yake mazungumzo ni yale yale kila mahali:

— Papa, grupe imekufa tena. Lazima tununue ingine, kubwa kuliko hii.

— Hapana, mwana. Hii grupe inatosha. Ni namna munawasha pompi ndiyo iko mubaya.

Papa huyo ana haki. Grupe kubwa ni feza nyingi, tena inakula mazuti mengi kila saa, hata wakati inawasha taa tatu tu. Mara nyingi dawa ni kuanzisha moteri polepole. Kuna njia tatu zinazojulikana.

Ya kwanza ni ya zamani, mafundi wanaiita nyota na pembetatu. Moteri inaanza katika muungano wa nyota, kisha inageuzwa kwenda pembetatu. Umeme unaovutwa mwanzoni unakuwa sehemu moja ya tatu: ile 42 inakuwa 14. Lakini nguvu ya kuzungusha nayo inakuwa sehemu moja ya tatu. Kwa hiyo inafaa kwa pompi na feni, lakini mashini ya kusaga iliyojaa mahindi haitaondoka.

Ya pili ni chombo kinachopandisha volti kidogo kidogo kwa muda wa sekunde kadhaa. Moteri inaanza kwa utaratibu, ingawa bado inavuta zaidi ya chakula chake cha kawaida.

Ya tatu ni varyateri. Hii inabadilisha hata mwendo wa umeme wenyewe. Badala ya kumpa moteri hezi 50 mara moja, inaanza chini kabisa na kupanda mpaka 50 kwa muda ambao fundi ameandika. Ikiwekwa vizuri, moteri inaweza kuanza bila kupita sana zile ampea 7 zake. Ndani ya varyateri kuna nambari mbili za kukumbuka: muda wa kupanda na muda wa kushuka. Fundi mzuri anaziandika katika karatasi na kuibandika ndani ya mlango wa tablo, ili mwenye kuja nyuma yake asitafute.

Varyateri ina faida ingine. Feni ikizunguka kwa nusu ya mbio yake, inahitaji karibu sehemu moja ya nane tu ya nguvu, si nusu. Ndiyo sababu katika majumba makubwa hawawashi na kuzima feni mara kwa mara. Wanaiacha itembee polepole muda mrefu, na feza inabaki mfukoni.

Angalisho: pompi zile za kuzamishwa ndani ya kisima kirefu hazipendi kukaa katika mwendo mdogo sana, kwa sababu sehemu zake za ndani zinalainishwa na maji yanayotembea. Zenyewe zinapaswa kufika hezi 30 upesi, kwa sekunde moja hivi, kisha ndipo zipande kwa utulivu. Soma kitabu cha pompi kabla ya kuandika nambari.

3. MAJI NAYO HAYAPENDI GHAFULA

Jambo hili si la umeme peke yake. Katika vijiji vyetu vingi maji yanashuka kutoka chemchemi ya mlimani kwa tiyo, bila pompi yoyote. Mumesikia ule mlio "tong!" wakati mutu anafunga robine kubwa kwa haraka? Ni maji yanayogonga. Maji yaliyo ndani ya tiyo ndefu ni mzigo mkubwa unaotembea. Ukifunga mlango mbele yake, yote yanagonga ule mlango.

Mtu wa Urusi, Nikolai Zhukovsky, alipima jambo hilo kule Moscow na kutoa hesabu yake katika mwaka wa 1898. Hesabu hiyo inasema hivi: maji yakitembea meta moja kwa sekunde ndani ya tiyo ya chuma, na ukiyasimamisha kwa ghafula, yanaongeza nguvu karibu ya bari 12. Ni kama kuweka juu ya tiyo nguzo ya maji yenye kimo cha meta 120! Tiyo ya plastiki inapata mgongano mdogo kuliko huo, lakini nayo inapasuka katika viungo.

Tena hesabu inatuonyesha maana ya neno "polepole". Mgongano unatembea ndani ya tiyo ya chuma karibu meta 1200 kwa sekunde. Kama tiyo yako ina urefu wa meta 600, mgongano unaenda na kurudi kwa sekunde moja. Ukifunga kwa muda unaopita huo mara nyingi, kwa mfano sekunde 20 au 30, maji yanapata nafasi ya kutulia. Ukifunga chini ya sekunde moja, umefunga ghafula, hata kama mkono wako ulifikiri ni polepole. Kwa hiyo polepole inatokana na urefu wa tiyo, na fundi anaipima. Hafuati hisia ya mkono.

Wanaotengeneza umeme kwa maji wanajua jambo hili sana. Katika jimbo letu, kituo cha Matebe juu ya mto Rutshuru, chenye nguvu inayopita megawati 13, kilizinduliwa mwezi wa 12 mwaka wa 2015. Katika kila kituo kama hicho kuna shida moja: umeme unaweza kukatika mara moja, lakini maji hayawezi kufungwa mara moja. Waya ikianguka na watu wote wakapotea katika sekunde moja, turbini inabaki bila mzigo na inaanza kukimbia mno. Ukifunga maji ghafula ili kuizuia, tiyo inapasuka. Ukifunga polepole mno, turbini inakimbia na kuharibika. Fundi anachagua muda ulio katikati.

Katika vile vituo vidogo sana vya kijiji, mafundi wanafanya akili ingine. Wanaacha maji yatembee vile vile, na umeme usiotumiwa na watu wanaupeleka papo hapo katika vyuma vya kupasha maji moto. Mutu akizima, vyuma vinapokea. Mutu akiwasha, vyuma vinaachia. Turbini haisikii mabadiliko. Hapo mumeona: kitu chepesi kinabadilishwa upesi, kitu kizito kinabadilishwa polepole.

4. NAMNA YA KUANDIKA AMRI

Sasa ninyi vijana munaotaka kuijua kazi yenyewe, chukueni daftari. Programu ya kupanda polepole haiko ndefu. Kwa maneno yetu inakuwa hivi:

Kwanza, soma mahali unapotakiwa kufika. Tuite "lengo".
Pili, soma mahali ulipo sasa.
Tatu, toa kimoja katika kingine upate tofauti.
Ine, kama tofauti inapita hatua moja, songa hatua moja tu kuelekea lengo.
Tano, kama tofauti ni ndogo kuliko hatua au sawa nayo, nenda mpaka lengo na ukae pale.
Sita, ngoja sekunde moja, kisha anza tena juu.

Tuijaribu. Feni iko katika 20 kwa mia, lengo ni 80, hatua ni 1 kwa kila sekunde. Itapita 21, 22, 23, na baada ya sekunde 60 itafika 80 na kutulia. Ukipenda ishuke upesi kuliko inavyopanda, weka hatua mbili tofauti: 1 ya kupanda, 2 ya kushuka. Basi kurudi kutoka 80 mpaka 20 kutachukua sekunde 30.

Programu hiyo mutaikuta, kwa sura mbalimbali, katika hoteli, katika hospitali na katika viwanda duniani kote. Ni fupi, lakini ina mitego. Hii ni mine ambayo inaangusha wanafunzi.

Mtego wa kwanza: kusahau mstari wa tano. Tuseme unatoka 20, lengo ni 50, hatua ni 4. Utafika 44, 48, kisha 52. Umepita! Programu inaona imepita, inarudi 48. Inaona bado, inapanda 52. Itacheza hivyo mchana na usiku, 48, 52, 48, 52, na robine itachakaa kabla ya mwaka kuisha. Mstari wa tano ndio unaosema: "Umefika, kaa."

Mtego wa pili: kuhesabu mizunguko ya programu badala ya saa. Kama mashini inasoma programu yako mara 10 kwa sekunde, na wewe uliandika "ongeza 1 kila mzunguko", ile dakika moja inakuwa sekunde 6. Fanya muda utoke katika saa, si katika mbio ya kompyuta.

Mtego wa tatu: kuanza mahali pasipo pa kweli. Umeme umekatika, feni imesimama kabisa, lakini programu bado inakumbuka "nilikuwa 80". Umeme ukirudi, inatoa 80 mara moja, na ile polepole yote imepotea. Andika kwamba baada ya kila kukatika kwa umeme mwanzo ni sifuri. Vilevile, kama fundi alikuwa ameshika mashini kwa mkono na kuiacha katika 35, programu ikirudishiwa kazi ianze katika 35, isiruke.

Mtego wa ine ni mgumu kuona. Fikirini chumba cha watoto wachanga katika maternite ya mlimani, mahali usiku kuna baridi kali. Chombo kimoja kinapima joto na kuomba. Chombo kingine kinatoa joto, lakini kwa polepole. Yule wa kuomba anaona bado baridi, anaomba zaidi. Baada ya dakika, bado baridi, anaomba tena zaidi. Hajui kwamba mwenziwe yuko njiani. Joto linapofika, maombi yamejaa mno, na chumba kinapita kipimo. Mtoto aliyekuwa na baridi sasa anatoka jasho. Dawa: andika kwamba mwenye kuomba asiongeze maombi wakati mwenye kutoa hajafika bado katika ombi la kwanza.

5. WAKATI UMEME UNARUDI

Kuna saa moja ambayo polepole inahitajiwa kuliko zote: ni dakika umeme unarudi. Kila kitu kilikuwa kimewashwa wakati ulikatika. Sasa frigo, pompi, mashini ya kusaga na taa vyote vinataka kuanza pamoja. Dijonteri inaanguka, na umeme unakatika tena. Watu wanasema "laini ni mbaya", lakini mara nyingi ni sisi wote tunaovuta kamba kwa wakati mmoja.

Nyumba inayojiongoza inapanga foleni. Taa za chumba cha upasuaji na frigo ya chanjo zinaingia kwanza. Baada ya nusu dakika inaingia pompi. Baada ya dakika mbili, mashini ya kufulia. Ni kama akina mama kwenye borne ya maji: kila mmoja na bido yake na zamu yake, na wote wanapata.

Hata kazi kubwa hazianzi kwa siku moja. Kule Bisie, katika teritwari ya Walikale, kampuni Alphamin inachimba bati chini ya udongo, na uzalishaji wake ulianza mwaka wa 2019. Mwezi wa 3 mwaka wa 2025, vita vilipokaribia, kampuni ilisimamisha kazi. Mwezi wa 4 mwaka huo huo ilianza kurudi, na ilirudi kwa awamu. Mgodi wa chini ya udongo unahitaji kwanza hewa, maji yatolewe, umeme utulie, ndipo watu na mashini warudi.

6. MAHALI POLEPOLE INAUA

Hapa, vijana, mufungue masikio. Mutu akisha kujifunza kupanda na kushuka kwa utulivu, anaipenda kazi hiyo mpaka anaiweka kila mahali. Hapo anakosa sana. Kuna amri ambazo hazipaswi kungoja hata sekunde moja.

Ya kwanza ni kisimamishi cha hatari. Mkanda wa mashini ya kusaga umeshika kitenge cha mama, au kiponda-mawe kimeshika mkono wa kijana. Hakuna "shuka 2 kwa sekunde" pale! Kifungo chekundu kinakata umeme mara moja. Tena kifungo hicho hakipiti ndani ya programu ya kawaida. Waya yake inaenda yenyewe mpaka mahali pa kukata, ili kompyuta ikilala au ikikosea, kifungo bado kinafanya kazi.

Ya pili ni moto na moshi. Nyumba ikiungua, feni inayosukuma hewa vyumbani inalisha moto na kueneza moshi. Inasimama papo hapo. Na kama kuna feni ya kutoa moshi nje, hiyo inawashwa papo hapo. Haingoji foleni.

Ya tatu inagusa nyumba nyingi zinazosoma gazeti hili. Ni hewa ya mutu aliye shimoni. Feni ya shimo ikianza kupungua kidogo kidogo, mchimbaji hasikii. Angesikia kama ingekata ghafula, angepanda. Lakini inaposhuka polepole, kichwa kinalewa, miguu inalegea, na yeye anafikiri ni uchovu tu. Kwa hiyo kengele ya hewa haina ngazi: hewa ikipita chini ya kipimo, inalia kwa nguvu yote na wote wanapanda. Tena, moteri ya mazuti au ya esanse haiwekwi ndani ya shimo wala karibu na mdomo wa shimo pale feni inapovutia hewa, kwa sababu moshi wake una sumu isiyo na harufu, na hiyo sumu imeua wengi.

Kwa hiyo fundi anauliza maswali mawili mbele ya kila amri. La kwanza: kitu hiki kikibadilika ghafula, ni nani au ni nini kitaumia? La pili: kikichelewa kubadilika, ni nani ataumia? Jibu la la kwanza likiwa "moteri, tiyo, grupe", weka polepole. Jibu la la pili likiwa "mutu", ondoa polepole. Na kama majibu yote mawili ni mazito, kama ile turbini na tiyo yake, piga hesabu kabla ya kugusa.

7. KAMA HAMNA KOMPYUTA

Wengine watasema: "Sisi hatuna varyateri wala ordinateri." Ni kweli. Lakini munaweza kufanya programu hiyo kwa mkono tangu kesho:

Anzisha mashini ya kusaga ikiwa tupu. Ikisha kufika katika mbio yake, ndipo ufungue mahindi kidogo kidogo.

Juu ya grupe, washa kwanza moteri kubwa kuliko zote, wakati bado kuna nafasi. Kisha washa vidogo. Usifanye kinyume. Na upasuaji ukiwa unaendelea, mutu wa pompi aulize kwanza.

Umeme ukikatika, zima swichi ya mashini kubwa. Ukirudi, ngoja dakika chache ndipo uwashe. Majirani wakipatana juu ya zamu, laini yote itapona.

Kabla ya kuzima grupe, ondoa mizigo na uiache itembee bila kazi dakika mbili tatu, ipoe.

Funga robine kubwa za chemchemi kwa kuhesabu mpaka 30. Wafundisheni watoto nao wahesabu, watafurahi.

Na kwa yule kijana aliyeuliza swali: ndiyo, jifunze kazi hiyo. Anza na daftari, andika zile hatua sita, uzipige kwa nambari zako mwenyewe mpaka zisikukosee. Siku utakapokuta kompyuta ya tablo mbele yako, utakuwa tayari unajua kitu cha kuiambia.

MASWALI YA KUJADILIANA NYUMBANI AU KATIKA KIKUNDI CHA VIJANA

1. Katika kijiji chetu, ni mashini gani inayoanzishwa kwa ghafula? Nani anapata hasara?
2. Feni iko katika 30, lengo ni 90, hatua ni 2 kwa sekunde. Itafika baada ya sekunde ngapi? Na kama hatua ni 7, mstari wa tano utafanya kazi gani mwishoni?
3. Umeme ukirudi katika kituo chetu cha afya, ni kitu gani kingeingia kwanza? Nani amepewa kazi ya kulinda hiyo zamu?
4. Kifungo chekundu cha mashini ya kusaga kiko wapi? Mama anayeleta mahindi anakijua? Mkono wa mtoto unakifikia?
5. Taja amri moja ambayo kwetu inachelewa, na ambayo haikupaswa kuchelewa.

Jibu la swali la pili litatoka katika ukurasa huu mwezi ujao, pamoja na mazungumzo juu ya betri za pano za jua na sababu zinazozifanya zife mapema. Mubaki salama, na mufunge robine polepole!